Bosi wa Toronto

Picha ikapigwa tena. Kila baada ya dakika kumi kompyuta ilipiga picha ya kazi iliyokuwa kwenye skrini na kuituma Toronto kwa bosi Collins, na Dena hakuthubutu hata kwenda chooni bila kuhesabu dakika zake.

Na huyu ndiye aliyeahidiwa uhuru! Miezi minane nyuma alikuwa akifungua lango la hoteli moja huko Watamu na kuyapigia magari saluti. Kadii, jirani yake wa chumba cha pili hapa Mnarani, ndiye aliyemtoa huko. Alimkalisha kitako, akamfungulia akaunti, akamfundisha kusikiliza mikutano ya watu asiowajua na kuandika kila walichosema. Mwisho akamtafutia na mteja, huyo Collins.

"Hii ni kazi ya kujitegemea, ndugu yangu," alimwambia. "Bosi ni wewe mwenyewe."

Bosi mwenyewe sasa alikuwa hatoki nje. Collins aliandika Kiingereza kifupi kisicho na salamu: kazi iko wapi, mbona umesimama, ukiondoka usirudi. Udhuru alioukubali ni mmoja tu, stima kupotea, kwa kuwa betri ya kompyuta ya Dena ilikufa zamani. Tena siku hizo, kwa rehema za Mungu, Collins naye hakuandika neno mpaka stima irudi.

Jumatatu simu ilitoka Ganze. Hawe, nyanya aliyemlea Dena tangu mamake alipofariki, ameaga dunia. Mazishi ni Jumamosi. Dena akaomba ruhusa ya siku mbili. Jibu lilikuja kabla hajafuta machozi: pole, lakini kazi nyingine inatakiwa Jumamosi jioni.

Dena alilia kwa sauti, bila haya. Kadii alimsikia kupitia ukutani, akaja na sahani ya sima na mchicha wa nazi.

"Dada Kadii, hawe alinibeba mgongoni mpaka zahanati nilipokuwa na surua. Jua kali, njia yote kwa miguu. Leo nishindwe hata kumtilia mchanga?"

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini Wazungu ndivyo walivyo, hanga la mazishi hawalijui, matanga hawayajui. Na ukimkimbia huyu, mwingine utampata wapi? Vumilia."

"Kwani bosi wako wewe hakusumbui?"

Kadii aliinama akapangusa makombo mezani. "Wangu nishamzoea," akasema.

Wiki nzima Dena aliandika maneno ya watu huku akili iko Ganze. Chumba kilimbana, ukuta huu na ule, na pale katikati kompyuta ikipiga picha zake. Ijumaa akaamua: liwalo na liwe, hawe hazikwi bila yeye.

Jumamosi asubuhi alivaa shati jeupe, akafunga mkoba. Kwa Kadii redio ilikuwa ikiimba mapambio kama kawaida, ile redio kubwa ya kuchomeka ukutani. Dena hakumuaga. Angeanza tena kumwambia avumilie, na yeye uvumilivu ulikuwa umemwishia.

Akachomoa waya wa kompyuta, nayo ikazima papo hapo. Kisha akashika simu na kumwandikia bosi, akifuta na kuandika upya, kwa kuwa hakuwa mtu wa uongo: "Samahani. Stima imepotea Mnarani nzima tangu alfajiri. Sijui itarudi lini."

Akatuma. Mtu yuko Toronto, atajulia wapi mambo ya Mnarani? Dena alivuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya miezi minane, na kifua kikamfunguka. Akiwahi matatu angefika Ganze kabla jeneza halijatolewa nyumbani.

Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo simu ilipolia. Alikuwa Collins. Tangu wajuane, huu ulikuwa ujumbe wake wa kwanza kwa Kiswahili.

"Imepotea wapi? Mbona kwangu ipo?"

Dena aliusoma mara mbili. Upande wa pili wa ukuta, redio ikazimwa ghafla, katikati ya pambio.