Ng'ambo ya Magugu Yanyimwa Ukurasa

Zama hizo wanyama walikuwa na kitabu kikubwa kilichoeleza kila mahali porini. Mtunzaji wake alikuwa Nungunungu, kwa kuwa kalamu alikuwa nazo mgongoni.

Siku moja Kanga alisimama barazani akaomba Ng'ambo ya Magugu ipewe ukurasa wake.

"Mpaka wake uko wapi?" Nungunungu akauliza.

"Mpaka haujulikani, mzee, lakini sote tunapaita hivyo."

"Na chifu wake nani?"

"Hakuna chifu."

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikamsimama. "Basi hapo si mahali, ni mazoea ya midomo tu!" Akachomoa mwiba, akaandika kwa mbwembwe: Mahali hapo hapapo.

Wino haujakauka, mkewe akaingia mbio, anahema. "Baba Miiba, ngiri wamevamia mihogo yetu!"

"Mihogo ipi?"

"Kwani tuna mingine? Ile ya Ng'ambo ya Magugu!"

Nungunungu akaruka. "Jamani, nisaidieni! Twendeni!"

Hakuna aliyeinuka. Kanga akajitengeneza manyoya taratibu. "Tungekuja, mzee, ila tumetazama kitabuni, tumekuta mahali hapo hapapo."

Nungunungu akakitazama kitabu, akamtazama mkewe, akachomoa mwiba wa pili.

Mpaka leo ukurasa wa Ng'ambo ya Magugu ndio mrefu kuliko zote, nao unaanza hivi: "Mpaka wake unajulikana tangu zamani. Unaanzia kwenye mihogo ya Nungunungu, na ngiri hawaruhusiwi."