Amri za Upande wa Kushoto

Liberatus, mwenzangu mpya ofisini hapa Mbeya, ameipenda programu ninayoandikia msimbo wa kompyuta, jinsi nilivyoipanga. Tangu asubuhi namwandikia maelezo ya kila mstari wa mipangilio, na maswali yake yamenichosha.

"Dada, hapa sijaelewa," alisema. "Amri za kuhifadhi, kutafuta, kufuta, zote umezihamishia vitufe vya kushoto vya kibodi. Kwani unatumia mkono wa kushoto?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mistari ile niliiandika nyumbani, Mbalizi. Watoto wa wenzangu walilala mgongoni, mama zao wakiendelea na kazi. Wangu akibebwa mgongoni alikosa pumzi. Ilibidi nimshike wima kifuani kwa mkono wa kulia, nifanye kazi kwa ule uliobaki. Tulipomzika, kitenge cha kumbebea kilikuwa hakijapata hata kufifia.

"Kama hazina sababu, tuzifute," alisema Liberatus.

Nilitaka kukubali, yaishe. Nikainama nitafute kitufe.

Juu ya kibodi kulikuwa na mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, umekumbatia sweta niliyovaa.