Kifungo Chekundu

Msimamizi wa kiwanda cha kushona sare aliganda mlangoni. Fundi mkongwe kuliko wote alikuwa akitundika kifungo cha kijani kwenye ubao wa furaha, huku machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Ubao huo ulikuwa wazo la msimamizi, alilotoka nalo semina. Kila asubuhi fundi alitundika kifungo chini ya jina lake: cha kijani kama moyo umetulia, chekundu kama umeelemewa. Kwa wiki tatu ubao ulikuwa kijani tupu, na bosi wake akampongeza.

"Shangazi, mbona kijani?"

"Ukitundika chekundu unaitwa ofisini, mwanangu. Ukirudi umeachwa nyuma mashati ishirini." Alijifuta kwa kiganja. "Mume wangu leo siku ya nne hajitambui."

Msimamizi aliligeukia jina lake mwenyewe pale ubaoni. Yeye mwenyewe mwezi mzima usingizi ulikuwa umempaa, na kila asubuhi alitundika cha kijani.

Akaenda akakitundua chake. Akachukua chekundu, akakitundika chini ya jina lake, watu wote wakimtazama.

Cherehani ya dirishani ikanyamaza. Ikafuata ya pili. Kisha mpiga pasi akaitua pasi yake, akaanza kuja ubaoni.