Kumgeuza Mama

Kanyange alifunua shuka akiwa amebana pumzi. Juzi, chini ya kiuno cha mama yake aliyepooza, yeye na muuguzi wa wodi waliona wekundu, mwanzo wa kidonda cha kulala. Tangu hapo yeye, muuguzi na mwanamke mmoja kutoka kijiji cha Mbuba, aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili, walipokezana kumgeuza.

Muuguzi alibonyeza kwa kidole, akaachia, akainama kuangalia tena.

"Wekundu umeisha. Ngozi nzima kabisa."

Kanyange aliketi sakafuni.

"Mama, umesikia? Hakuna kidonda!"

Mama yake alisonya. "Mnanigeuzageuza kama muhogo juani."

Kanyange alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na bado, mama," alisema, akainuka kushika upande wake wa shuka ili wamgeuze tena.