Namba Isiyogawanyika

Asubuhi ya siku ya mia tisa sabini na tatu, mwalimu mstaafu alipiga mstari chini ya hesabu yake ya mwisho, akaandika baki, akaweka kalamu mezani.

"Haigawanyiki," alisema. "Ni namba tasa."

"Tasa kabisa?" aliuliza mkewe, fundi cherehani, akikifunga kitabu chenye orodha ya namba hizo.

"Kabisa. Haina mtoto wala mjukuu."

Namba yenyewe ilikuwa 10,292,395,571. Aliiandika ubaoni siku yake ya mwisho kazini, darasa lilipomwomba namba kubwa isiyogawanyika kwa nyingine yoyote. Aliitoa kichwani, akasema, "Hii hapa," akapigiwa makofi, akaenda zake nyumbani.

Nyumbani alikaa miezi minne akitazama ukuta. Hakunyoa. Akiulizwa chai au uji, alijibu, "Vyovyote." Hata kuoga mpaka akumbushwe. Kisha asubuhi moja aliruka kitini kama aliyekalia sindano.

"Je, kama niliwadanganya wale watoto?"

Binti yao alikuja na simu. "Baba, hii itakujibu kabla hujapepesa macho."

"Simu haikusimama mbele ya darasa. Nilisimama mimi. Ukinitajia jibu, usiniite baba tena."

Binti akaufyata, akaenda jikoni kumsaidia mama yake kuosha vyombo.

Kazi ikaanza. Kila siku baada ya chai, mke alimsomea namba tasa kumi kutoka kitabuni, moja baada ya nyingine, kidole kikiwa juu ya mstari. Mume aligawanya kwa mkono, na kila mara ikabaki baki. Alianza kunyoa. Alidai shati lipigwe pasi. Majirani walimsikia akibishana na redio, jambo ambalo hawakuwa wamelisikia tangu astaafu. Alipougua homa, aligawanya akiwa kitandani, daftari juu ya magoti.

"Uwe makini, mama," alimwambia mkewe. "Hii si kazi ya mchezo."

"Mwalimu, nimepima watu viuno miaka thelathini. Hakuna aliyerudisha suruali."

Na sasa kazi ilikuwa imekwisha. Mwalimu alilipanga rundo la madaftari, akalipangua, akalipanga tena.

"Sasa kesho tunafanya nini?" aliuliza.

"Ya kesho tutayaona kesho. Kunywa chai, inapoa."

Mke alitoka uani, akaurudishia mlango taratibu, akampigia binti yake.

"Baba yako amemaliza," alisema kwa sauti ya chini. "Hapana, hajagundua. Ile elfu saba mia tisa kumi na tisa uliyoninong'oneza kuwa ndiyo inayoigawanya, niliiruka siku ya mia. Sasa nitafutie namba nyingine, mwanangu. Na hii iwe ndefu zaidi."