Fisi Aacha Kuchimba Makaburi

Fisi alikuwa mchimba makaburi, na jambo moja tu lilimchosha katika kazi hiyo: hakuna maiti aliyeletewa aliyewahi kuitikia salamu yake. Akaenda kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi.

"Baiolojia D, Hesabu F," alisema Bundi, mkuu wa chuo. "Kanuni haziruhusu, Bwana Fisi."

"Nijaribu wodi moja tu, Mheshimiwa. Nikishindwa, narudi kwenye koleo langu."

Asubuhi Fisi akaingia wodini kwa sare nyeupe na sinia la uji. Wagonjwa wakadhani amekuja kuwapima urefu. Swala aliyevunjika mguu akaruka dirishani, na Ngiri mwenye homa akamfuata, akiapa kwamba hajaugua tangu azaliwe.

Bundi alipokuja kukagua, akakuta vitanda vitupu. "Wodi nzima imepona kabla ya saa nne! Kwa matokeo haya, kanuni zitatuelewa. Umepokelewa."

Fisi alikuwa akikusanya uji uliopoa, kanyong'onyea, alipomwona Kobe, mgonjwa pekee aliyebaki bila Bundi kumwona, ambaye mbio zake zilikuwa zimemfikisha ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, babu," alisema Fisi kwa woga.

"Marahaba. Haya, nirudishie shuka, ulete na huo uji."

Fisi akamfunika vizuri, kisha akamwamkia mara ya pili, apate tu kuitikiwa tena.