Sufuria ya Kinyozi

Sufuria ilinguruma juu ya rafu, na wala haikuwa na moto chini yake.

"Iacheni ilie," kinyozi alisema bila kugeuka. "Ikichoka itanyamaza."

Wanaume waliojaa kwenye benchi walicheka. Mmoja alicheka mapema mno, kinyozi hata hajamaliza, lakini hakutiliwa maanani. Kila aliyeingia pale sharti aitumbukize simu yake kwenye sufuria na kufunika. Asiyetaka, mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya Sharubu yenye televisheni kila ukuta.

Kinyozi alimdharau Sharubu kwa moyo wake wote. Alianza siku ile Sharubu alipomwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, macho kayakodoa kwenye simu, kisa eti paka anacheza muziki. Mtu mzima, ana mke na watoto! Kinyozi aliisimulia habari hiyo kila siku na haikumchosha.

"'Subiri kidogo,'" aliiga sasa, akibana pua na kupinda mdomo. "Hivyo ndivyo alivyomwambia mteja wake. Ukisikia mtu anakwambia hivyo bila kuinua macho, jua huyo kashakwisha. Mwili upo, mwenyewe hayupo."

Benchi zima likaangua kicheko.

Kwenye kiti alikaa mwalimu ambaye saa nane mchana alikuwa na usaili wa kuwa mkuu wa shule. Alitaka kichwa safi, aonekane mtu wa maana. Kinyozi alimwinamisha shingo.

"Na wewe mwalimu, asubuhi umesoma habari?"

"Nimesoma, fundi. Nyingi tu."

"Umefanya nini na hata moja?"

Mwalimu alifikiri. "Nimeudhika."

"Umeudhika! Hujanawa uso, umeshagombana na watu usiowajua, wa nchi usiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Halafu mkeo akikusalimia unamnunia, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa." Kinyozi alitikisa kichwa. "Mimi nasikiliza redio mara moja, mchana, nikila. Taarifa ikiisha, nazima. Na kitandani silali na dunia nzima. Nalala na mke wangu."

Mkewe, aliyekaa pembeni akiuza mafuta ya nywele, aliinama akajifanya anafuta chupa. Simu yake ndiyo pekee iliyosamehewa sufuria, maana malipo ya wateja yalipitia humo. Aliisimamisha wima, imeegemea chupa, ili aone haraka yakiingia.

Miezi michache nyuma, kibanda kile kilikuwa kinakufa. Benchi lilikuwa la kukaliwa na vumbi. Sharubu alituma salamu za kejeli kwamba ana kiti kimoja hakina mtu, kinyozi aje aajiriwe. Aajiriwe na Sharubu! Afadhali anyoe kondoo. Alikuwa ameshaanza kufungasha vioo mkewe alipomsihi, "Vumilia mwezi huu tu, mume wangu. Wewe nyoa, na useme yako kama kawaida."

Basi watu wakaja. Walitoka mitaa ya mbali, wakiwapita vinyozi wengine njiani. Juzi mama mmoja alimleta mwanawe akasema, "Kaka, mgombeze na huyu kama ulivyomgombeza yule mpishi." Kinyozi hakukumbuka kumwona mama huyo siku ya mpishi, ila alimridhisha. Alijua siri ya mafanikio yake. Watu wamechoshwa na upuuzi wa kwenye simu, alijiambia, wanatafuta mahali penye utulivu na mtu wa kuwapa ukweli wao.

Mkewe alimaliza kubofyabofya simu, akairudisha penye chupa, akatoka uani kuanua taulo. Mteja aliyekwisha kunyolewa alikuwa mlangoni, ameshaitoa simu yake kwenye sufuria.

"Fundi, nimelipa. Hebu angalia kama imeingia, niwahi."

Kinyozi alisonya. Upande mmoja wa kichwa cha mwalimu ulikuwa unang'aa, upande wa pili bado kichaka. Mashine ikiwa mkono wa kulia, aliichukua simu kwa vidole viwili vya kushoto, kama anayeokota kitu kichafu.

Alijiona mwenyewe. Alikuwa humo ndani ya simu, na shati lilelile la leo, amebana pua na kupinda mdomo, akisema maneno ya muda mfupi uliopita. Chini yake watu walikuwa wameandika, na wengine walikuwa bado wanaandika, wengi kuliko vichwa vyote alivyowahi kunyoa.

Hasira zilimpanda. Akainua mkono aitumbukize simu sufuriani, mkewe akirudi aikute humo. Ndipo jicho likadondokea maneno ya mtu wa kwanza: *Huyu ndiye mzee wangu.* Mkono ukashuka. Wa pili aliandika kwamba tangu amsikilize hapeleki tena simu kitandani. Wa tatu aliandika kwamba huyu kinyozi ni mjuaji tu, hana lolote.

"Fundi, imeingia?" mteja aliuliza. Aliuliza tena, kisha akaenda zake.

Mashine ilinguruma hewani. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akajishika upande wenye nywele, akaitazama saa ya ukutani.

"Fundi," alisema, "usaili wangu."

Mkewe aliingia na taulo begani, akaona simu ilipo. "Mume wangu, nitakueleza yote," alisema. "Lakini kwanza mmalizie mwalimu wa watu."

"Subiri kidogo," kinyozi alisema bila kuinua macho. "Kuna mjinga mmoja hapa, lazima nimjibu."